Nani Alikupa Hiyo Herufi?

Nilikuwa kidato cha tatu nilipofanywa kapteni wa timu ya magongo ya shule, na sikuwa nimechaguliwa. Aliyechaguliwa alikuwa rafiki yangu, beki wetu wa katikati. Tulipiga kura jioni moja baada ya mazoezi, kwa vikaratasi tulivyorarua kutoka daftari la hesabu, tukavitia ndani ya kofia, vikahesabiwa mbele yetu sote. Aliniacha mbali. Mimi nilipata kura nne, na moja kati ya hizo nne ilikuwa yangu mwenyewe.

Asubuhi ya gwaride mwalimu wa michezo akasimama mbele ya shule nzima na kusoma jina langu. Sababu hakutoa. Baadaye tulisikia fununu, ati rafiki yangu alikuwa na mdomo sana, na tena karo yake haikuwa imekamilika, angeweza kurudishwa nyumbani siku yoyote katikati ya mashindano. Watu walipiga makofi. Nilimwangalia rafiki yangu, naye alikuwa anapiga makofi kama wengine. Siku mbili baadaye hakuja mazoezini, na hakuwahi kurudi uwanjani tena.

Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa na maelezo yangu safi kabisa: si mimi niliyeamua, ni mwalimu, na mwanafunzi ni nani ampinge mwalimu? Maelezo hayo yalinitosha kwa miaka mingi. Yaliyoyavuruga ni kisa cha mwaka 1961, huko Montreal, Kanada, katika mchezo unaochezwa juu ya barafu na watu ambao hawajui hata shule yetu iko wapi.

Njia iliyonifikisha huko ilianzia hapa hapa Nairobi. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ilitoa filamu fupi kuhusu Kenya Ice Lions, vijana wanaocheza magongo ya barafuni katika ule uwanja mdogo ulio ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Shida yao ilikuwa moja: hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Basi wakapelekwa Kanada, wakapata mechi yao, na katika chumba cha kubadilishia nguo wakaingiliwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevalia jezi kama zao, tayari kucheza upande wao. Mimi niliitazama filamu hiyo kama mara sita. Halafu nikaanza kusoma. Crosby ni nani? Kapteni wa Pittsburgh Penguins tangu 2007. Na ile herufi C iliyoshonwa kifuani mwake ni ya nini? Hapo ndipo nilipotumbukia, bana, na sijatoka.

Katika soka kapteni huvaa kitambaa mkononi, na akitolewa uwanjani anakivua na kumvisha mwenzake. Katika magongo ya barafuni kitu hicho kimeshonwa kwenye jezi. Kanuni ya 6 ya NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani na Kanada, inasema kila timu iwe na kapteni mmoja, avae herufi C yenye urefu wa kama inchi tatu mahali panapoonekana kifuani. Wasaidizi wake huvaa A. Kazi yake rasmi ni ndogo ajabu: yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuongea na refa kuhusu tafsiri ya kanuni mchezo unapoendelea. Basi. Kanuni haisemi kapteni achaguliwe na nani. Si kocha, si mwenye timu, si wachezaji. Wameacha wazi, na ndani ya uwazi huo kumejaa historia ya zaidi ya miaka 100.

Mpaka kuna watu ambao kanuni imewafungia mlango. Msimu wa 1947-48, Montreal Canadiens walikuwa na golikipa anayeitwa Bill Durnan, mmoja wa makipa bora wa enzi hizo. Kapteni wao, Toe Blake, alipovunjika mguu Januari 1948, Durnan akapewa ukapteni. Sasa, kapteni anaongea na refa, sivyo? Durnan alikuwa anaacha lango lake na kuteleza hadi kwa refa kubishana, na kila alipofanya hivyo mchezo ulisimama na wenzake wakapata pumzi. Timu pinzani zikalalamika kwamba hayo ni mapumziko ya bure. Msimu ulipokwisha, ligi ikapiga marufuku golikipa kuwa kapteni uwanjani. Hadi leo watu wanaiita kanuni ya Durnan.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2008, Vancouver Canucks wakaamua kwamba kiongozi wao halisi ni golikipa wao, Roberto Luongo, kanuni ipende isipende. Wakamtangaza kapteni. Ligi ikasema sawa, ila haruhusiwi kuvaa C kwenye jezi, wala kuongea na refa kama kapteni. Luongo akaichora hiyo C kwenye kofia yake ya kujikinga uso. Kazi za uwanjani wakafanya wengine. Alidumu misimu miwili, mwaka 2010 akaachia, na Henrik Sedin akachukua. Nampenda Luongo kwa ile kofia. Ila nilipofikiria vizuri nikaona kwamba yeye naye alichaguliwa na wakubwa. Kilichokuwa kinanitafuna mimi kilikuwa kitu kingine: wenzako wakisema jambo moja na wakubwa lingine, wewe uliye katikati unafanya nini?

Ndiyo maana nikarudi Montreal. Kwa sehemu kubwa ya historia yao, Canadiens waliwaachia wachezaji wenyewe kupiga kura ya kapteni. Na pale Montreal, kura hiyo haikuwa ya magongo peke yake.

Chukua Maurice Richard. Mtu wa kwanza kufunga mabao 50 katika msimu mmoja wa NHL, 1944-45, katika mechi 50. Alikuwa Mkanada mzungumzaji wa Kifaransa katika jimbo la Quebec, ambako wazungumzaji wa Kifaransa walikuwa wengi, lakini wakubwa wa kazi na wenye mashirika makubwa walikuwa wa Kiingereza. Mkenya anaielewa hali hiyo bila kuelezwa sana. Machi 13, 1955, wakicheza Boston, Richard alimpiga msaidizi wa refa katika vurugu. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na mchujo mzima. Machi 17 Campbell akaja mwenyewe kutazama mechi Montreal. Watu wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani ya uwanja, mechi ikavunjwa, na umati ukamwagika barabara ya Sainte-Catherine ukivunja vioo vya maduka. Kesho yake Richard ilibidi aongee redioni kuwaomba watu watulie.

Ndani ya fujo hiyo kulikuwa na mtu mwingine ambaye historia humsahau, Bernie Geoffrion, aliyeitwa Boom Boom kwa sababu ya mikwaju yake. Richard alipofungiwa, alikuwa anaongoza orodha ya wafungaji wa ligi, na hilo taji la ufungaji hakuwa amewahi kulipata. Zilibaki mechi chache. Geoffrion, mchezaji mwenzake, naye mzungumzaji wa Kifaransa, aliendelea kucheza na kufunga kama alivyolipwa kufanya, akammaliza Richard kwa pointi moja, 75 kwa 74. Mashabiki wa Montreal wakamzomea. Wamzomee kwa kufunga! Alikuwa na miaka 24.

Richard akawa kapteni mwaka 1956, baada ya Émile Bouchard kustaafu. Timu ikachukua Kombe la Stanley mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960, manne kati ya hayo Richard akiwa na C kifuani. Alipostaafu, C ikaenda kwa beki Doug Harvey. Harvey alikuwa amewahi kufanya jambo ambalo wenye timu hawakulisahau: mwaka 1957 alikuwa mmoja wa wachezaji waliojaribu kuunda chama cha kutetea haki za wachezaji. Alivaa C msimu mmoja tu. Mwaka 1961 akapelekwa New York Rangers, na wengi hadi leo wanaamini chama kilichangia.

Basi nafasi ikawa wazi, na kwa mtu yeyote mwenye macho, zamu ilikuwa ya Geoffrion. Msimu huo wa 1960-61 alikuwa amefunga mabao 50, mtu wa pili katika historia ya ligi kufanya hivyo baada ya Richard. Alikuwa amepewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Alikuwa ametumikia. Alikuwa amezomewa na akabaki. Unamwona kabisa akijiambia, sasa hii ni yangu.

Wachezaji wakapiga kura. Wakamchagua Jean Béliveau.

Béliveau alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mchezaji wa kiwango cha juu kabisa, ila hata yeye alishangaa, kwa sababu hakuwa hata na ile A ya msaidizi. Geoffrion aliumia sana. Hakuficha. Na Béliveau, alipoona jinsi mwenzake alivyoumia, akaenda kwa uongozi wa timu akasema yuko tayari kuitoa hiyo C, apewe Geoffrion. Uongozi ukakataa. Wachezaji walikuwa wameshaamua.

Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Mwanzoni kilichonichoma ni ulinganisho rahisi. Béliveau alichaguliwa kihalali, na bado akaenda kugonga mlango kwa ajili ya mwenzake. Mimi sikuchaguliwa, na mlango sikuugonga. Lakini kadiri nilivyorudia kisa hicho, niliona kwamba jibu la ule uongozi ndilo lililobeba uzito. Kura hazikuwa mali ya Béliveau. Zilikuwa za wale waliozipiga. Hangeweza kumpa Geoffrion imani ambayo watu wengine ndio walioitoa, hata kama nia yake ilikuwa safi. Sasa ligeuze. Kama aliyechaguliwa hawezi kuzigawa kura zake, mwalimu alizitoa wapi alizonipa mimi? Na mimi nilipokea nini hasa pale gwarideni? Nilipokea jina. Kila nilipopaza sauti uwanjani msimu ule, niliona wenzangu wakigeuka kidogo, kana kwamba wanatafuta mtu mwingine nyuma yangu.

Béliveau alikuwa kapteni kwa miaka kumi, hadi 1971, na kwa muda huo Canadiens walichukua kombe mara tano. Geoffrion alibaki Montreal hadi 1964. Hakuna aliyevunja kiti, lakini sidhani kama kuna aliyesahau.

Nisije nikawauzia kura kama dawa ya kila ugonjwa. Sisi Wakenya tunajua kura inaweza kufanya nini na isiweze kufanya nini. Mwaka 1989 wachezaji wa Montreal walipiga kura, Guy Carbonneau na Chris Chelios wakatoka sare. Wakafanywa makapteni wote wawili. Nusu mkate, kwa lugha yetu ya 2008. Msimu ulipokwisha Chelios akauzwa Chicago, na Carbonneau akabaki peke yake.

Na kuna jambo ambalo hata kura haiwezi kulifunika. Septemba 1995 Mike Keane, kijana wa Winnipeg, mchapakazi aliyependwa na wenzake, alikuwa kapteni wa Canadiens. Mwandishi wa gazeti la Kifaransa akamuuliza kuhusu lugha, naye akajibu kwamba hakuwa na mpango wa kujifunza Kifaransa, kwa sababu ndani ya timu kila mtu anaongea Kiingereza. Kumbuka tarehe. Oktoba 30 mwaka huo huo watu wa Quebec walipiga kura ya kuamua kama wajitenge na Kanada, na upande wa kubaki ukashinda kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42. Wiki chache kabla ya kura kama hiyo, kapteni wa timu ambayo watu wa Montreal wanaiona kama kanisa anasema lugha yao haihitajiki. Moto uliwaka. Kufika Desemba Keane alikuwa ameshapelekwa Colorado, pamoja na golikipa mashuhuri Patrick Roy ambaye ugomvi wake na kocha ndio ulioanzisha uhamisho huo. Wenzake chumbani walijua thamani ya Keane. Lakini C haikai chumbani tu. Inatoka nje mpaka barabarani, na barabarani kuna watu ambao hawakuulizwa lakini wanajiona wana haki ya kuulizwa.

Kuna njia ya tatu ya kumpata kapteni, mbali na kura na amri ya wakubwa. Mwenye C mwenyewe anaivua na kumpa mwingine. Imetokea, na visa viwili nadhani vinafaa kusomwa pamoja.

Cha kwanza ni cha Vancouver. Trevor Linden alikuwa kapteni wa Canucks tangu ujana wake, na mwaka 1994 aliwafikisha fainali ya Kombe la Stanley, mechi ya saba kabisa, Juni 14, New York. Walishindwa na Rangers, ambao kapteni wao alikuwa Mark Messier. Miaka mitatu baadaye, majira ya joto ya 1997, Vancouver wakamsajili Messier yule yule. Linden akamwachia C. Kwa karatasi lilikuwa jambo la heshima: Messier alikuwa ameongoza timu mbili tofauti kuchukua kombe, Edmonton mwaka 1990 na New York 1994, na Linden alikuwa anampisha mkubwa. Messier akachukua pia jezi namba 11, ambayo haikuwa imevaliwa na mtu pale Vancouver tangu Wayne Maki, aliyekuwa akiivaa, afariki mwaka 1974.

Mambo hayakwenda. Novemba kocha akafukuzwa, akaja Mike Keenan, ambaye ndiye aliyekuwa na Messier kule New York. Februari 1998 Linden akauzwa New York Islanders. Messier alikaa misimu mitatu, na katika misimu yote mitatu timu haikufika mchujo. Ukitaja jina lake Vancouver hadi leo, jiandae.

Cha pili ni cha Calgary, mwaka 2003. Kapteni wa Flames alikuwa Craig Conroy, na winga aliyekuwa akicheza pembeni yake alikuwa Jarome Iginla. Iginla alizaliwa Edmonton mwaka 1977, baba Mnigeria, mama Mmarekani. Jina lake kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Mwaka 2002 alikuwa amefunga mabao 52, mengi kuliko mtu yeyote katika ligi, na akafunga mawili katika fainali ya Olimpiki ambapo Kanada waliishinda Marekani na kuchukua dhahabu. Kabla ya msimu wa 2003-04 Conroy akaenda kwa uongozi akasema C ipewe Iginla. Timu, kila mtu chumbani aliona, ilikuwa inamfuata Iginla tayari.

Si kwamba Iginla alikuwa kapteni wa kwanza Mweusi wa NHL, ingawa mara nyingi huandikwa hivyo. Dirk Graham alikuwa amevaa C ya Chicago tangu 1989. Lakini fikiria tu umbali uliokatwa. Willie O'Ree, Mweusi wa kwanza kucheza NHL, aliingia uwanjani Januari 1958, akiwa na Boston, na wapinzani siku hiyo walikuwa hao hao Canadiens wa Maurice Richard. Miaka 45 baadaye mtoto wa Mnigeria anapewa C na Mmarekani Mzungu aliyekuwa ameivaa yeye mwenyewe, na anayempa anabaki kwenye timu, anaendelea kumpa pasi.

Calgary walikuwa hawajafika mchujo tangu 1996. Msimu huo wakafika, wakaendelea, wakafika hadi fainali na kushindwa na Tampa Bay katika mechi ya saba, mabao 2-1. Iginla alikuwa kapteni hadi alipohamishwa mwaka 2013. Conroy leo ndiye meneja mkuu wa timu hiyo.

Haiwezekani kusema Calgary walifaulu kwa sababu ya C peke yake. Walipata golikipa mpya, Miikka Kiprusoff, Novemba mwaka huo, na walikuwa na kocha mkali. Timu haijengwi na herufi. Lakini nikiviweka visa hivi viwili kando kwa kando, tofauti naiona. Linden alimpa C mtu aliyetoka nje, mtu aliyewaliza miaka mitatu tu nyuma, kwa sababu ndivyo ilivyotarajiwa afanye. Conroy alimpa mtu ambaye wenzake walikuwa wameshamchagua kwa miguu yao, bila vikaratasi. Alichofanya ni kusoma kura iliyokuwa imepigwa tayari, na kuitangaza.

Katika fainali ile ya 2004, upande wa Tampa Bay, alikuwepo Vincent Lecavalier. Katika mechi ya tatu yeye na Iginla walipigana ngumi waziwazi, nyota kwa nyota. Huyu Lecavalier alikuwa amefanywa kapteni mwezi Machi 2000 akiwa na miaka 19, mdogo kuliko kapteni yeyote wa kudumu kabla yake, na mwaka 2001 akanyang'anywa. Mbele ya dunia nzima, kijana wa miaka 21 anaambiwa rudisha. Angeweza kununa, angeweza kuomba kuondoka. Alibaki, na miaka mitatu baadaye akanyanyua kombe huku C iko kifuani mwa mzee Dave Andreychuk, mwenye miaka 40. Mwaka 2008 C ikarudi kwake. Crosby naye, yule wa kwenye filamu, alipopewa C katikati ya msimu wa 2006-07 akasema bado. Akakubali msimu ulipokwisha, Mei 2007, na bado alikuwa na miaka 19 tu. Nadhani kusema bado, ukiwa na umri huo na jina hilo, kunahitaji moyo kuliko kusema ndiyo.

Hata sisi tuna historia yetu ya makapteni, ingawa ni ya magongo ya nyasi na haikuwa ya kulipwa. Avtar Singh Sohal aliiongoza Kenya katika Olimpiki za 1964, 1968 na 1972. Mwaka 1964, Tokyo, tulimaliza wa sita. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, tulimaliza wa nne duniani. Wa nne, Kenya! Tulipokuwa tunapigia kura kwenye kofia, hakuna mtu shuleni aliyetuambia hilo. Tulidhani magongo ni mchezo wa wale waliokosa nafasi kwenye timu ya soka.

Kuhusu Béliveau kuna jambo moja la mwisho. Mwaka 1994, akiwa ameshastaafu miaka mingi, Waziri Mkuu Jean Chrétien alitaka kumpa wadhifa wa Gavana Mkuu wa Kanada, mwakilishi wa Malkia nchini humo. Béliveau akakataa. Binti yake alikuwa amefiwa na mume, ana watoto wawili wa kike, na babu akaona kazi yake ni kuwa karibu nao. Nikakumbuka 1961. Mtu aliyeweza kukiachia cheo hicho ndiye yule yule aliyekuwa tayari kuitoa C. Si kwamba hakupenda heshima. Nadhani kila alipopewa kitu aliangalia kwanza nani anaumia pembeni.

Mwaka jana, baada ya kuandika rasimu ya kwanza ya makala haya, nilimtumia rafiki yangu ujumbe. Hatukuwa tumekosana rasmi, tulikuwa tu watu wa kutakiana heri ya Krismasi. Nilimwandikia kwamba nakumbuka ile kura, kwamba ilikuwa yake, na kwamba nilipaswa kwenda kwa mwalimu. Nikaongeza kwamba huenda mwalimu angenifukuza ofisini, lakini nilipaswa kwenda. Niliandika pia kidogo kuhusu Béliveau, halafu nikafuta hiyo sehemu, kwa sababu ilionekana kama najificha nyuma ya Mkanada.

Alikaa siku nzima bila kujibu. Zile alama mbili zikawa za buluu tangu asubuhi. Jioni, nikiwa ndani ya matatu Thika Road, simu ikatetemeka.

"Kumi na moja kwa nne," aliandika. "Na moja iliharibika."

Baada ya muda akaongeza: "Mwalimu hangekusikiza, wee. Lakini mimi ningesikia."